Wapokeaji wa daraja la chini: yupi wa kumwokota, yupi wa kumwachia mwenzio



Kuna mdau kaniuliza mbona blogu ya habari inahangaika na fantasi ya mpira wa Marekani wakati bei ya unga iko pale pale juu. Swali zuri. Jibu langu ni hili: hapa kafe ninapoandikia, kila Jumapili jioni nusu ya kompyuta zimefunguliwa kwenye fantasi. Wengi ni wa ligi ya Uingereza, ila tupo na sisi vichwa ngumu wachache tunaofuata NFL. Na penye vijana wengi na mkwanja mdogo, habari ipo. Soma mpaka chini utaona inahusu nini.

Leo sizungumzii mastaa. Mtu kama Ja'Marr Chase wa Cincinnati, ambaye mwaka 2024 aliongoza NFL nzima kwa pasi alizodaka (127), yadi (1,708) na tachidauni (17), huyo hahitaji mchambuzi. Ukiwa naye unampanga, unaenda zako kulala. Mimi nazungumzia wale wa chini: wapokeaji ambao siku ya drafti hakuna aliyewataja, wanaokaa kwenye orodha ya walioachwa, halafu Jumatano unamwona mwenzio kamwokota mmoja na Jumapili kakuchapa naye. Ligi yetu ya kijiwe inaamuliwa na hao.

Kwa wageni, kwa ufupi

Mpokeaji ni yule anayekimbia pembeni au katikati kufuata pasi anayorusha kwotabeki. Katika ligi yetu kila pasi anayodaka ni pointi 1, kila yadi 10 ni pointi 1, akifika mwisho wa uwanja na mpira, yaani tachidauni, pointi 6. Timu ni 32, kila moja ina wapokeaji watano au sita. Sisi tuko kumi kwenye ligi, kila mtu ana wapokeaji wanne watano. Piga hesabu uone wangapi wanabaki nje. Ni zaidi ya mia.

Na mchezo huu wala si wa jana. Ulianza mwaka 1962, hotelini New York, mzee mmoja aliyekuwa na hisa kwenye timu ya Oakland Raiders, Bill Winkenbach, alipokaa na wenzake wakatunga sheria. Drafti ya kwanza ikafanyika Oakland mwaka 1963. Hakukuwa na intaneti. Walikuwa wanasubiri magazeti, wanajumlisha kwa kalamu. Kwa hiyo ukilalamika kafe ina mtandao wa kinyonga, kumbuka wenzio walikotoka.

Ligi yetu sisi ilianzishwa na binamu yangu aliyeko Columbus, Ohio. Yeye na rafiki yake wako huko, sisi nane tuko huku. Kila mtu anaweka 10,000, bingwa anaondoka na laki moja yote. Kwa mtu aliyemaliza kidato cha nne na anaishi kwa kuandika na kuchapa barua za watu, laki si ya kuchezea.

Nilivyochemsha mwaka 2023

Kabla sijakupa orodha yangu, bora ujue anayekupa ni mtu wa namna gani. Mwaka 2023 nilikuwa na Puka Nacua.

Wenye kumbukumbu mnajua. Rams walimchukua kwenye drafti raundi ya 5, wa 177. Cooper Kupp, mpokeaji mkubwa wa timu, alikuwa majeruhi wa msuli wa paja, akakosa mechi nne za mwanzo. Wiki ya 1 Nacua akadaka pasi 10 kwa yadi 119. Usiku ule ule nikamwokota bure. Wiki ya 2, dhidi ya San Francisco, akadaka 15 kwa yadi 147. Wiki mbili, pointi 51.6 kwa hesabu yetu, tena bila tachidauni hata moja.

Jumanne binamu akanitumia ujumbe: "Mdogo wangu, nakupa Tee Higgins, nipe huyo dogo wa Rams. Kupp akirudi huyo anakaa benchi." Higgins nilimjua, jina kubwa, wiki hiyo hiyo kafunga tachidauni mbili. Nikasema kaka ana akili, yuko huko huko Marekani, anaziona mechi kwa macho. Nikakubali.

Kupp akarudi wiki ya 5. Nacua akaendelea kutupiwa kama kawaida. Alimaliza msimu na pasi 105 na yadi 1,486, rekodi zote mbili za mchezaji wa mwaka wa kwanza kwa wakati ule. Higgins wangu akaumia, akamaliza na pasi 42 na yadi 656. Laki moja ikaenda Columbus, kwa mtu ambaye laki moja kwake ni chakula cha siku mbili mkahawani. Alinipigia simu kucheka. Nilicheka naye, ningefanyaje.

Kosa langu halikuwa kutojua mpira. Niliangalia jina, sikuangalia mpira unaenda wapi. Kwenye mechi zile mbili Nacua alitupiwa pasi 35. Thelathini na tano! Kwotabeki hakutupii pasi 35 kwa kukuonea huruma. Namba ile ilikuwa mbele ya macho yangu, kwenye kioo cha kompyuta ya kafe, nikaipita nikaenda kusoma jina.

Ngoma ivumayo haidumu

Sasa kuna upande wa pili wa kosa hilo, na ndio unaowaumiza wengi zaidi: kumwona mtu kawika wiki moja ukadhani umepata Nacua. Nina mifano mitatu ambayo kila mwaka nawasomea wana.

Kevin Ogletree, Dallas, mwaka 2012. Mechi ya ufunguzi dhidi ya mabingwa New York Giants: pasi 8, yadi 114, tachidauni 2. Kesho yake kila mwenye ligi anamgombania. Msimu mzima uliobaki alidaka pasi 24 na kufunga tachidauni 2 tu.

Sammy Watkins, Kansas City, mwaka 2019. Wiki ya 1: pasi 9, yadi 198, tachidauni 3. Hiyo ni pointi 46.8 kwa mtu mmoja. Baada ya hapo hakufunga tena tachidauni hata moja mpaka msimu wa kawaida unaisha. Hata moja! Waliomwamini walimpanga wiki baada ya wiki wakisubiri ile siku irudi.

Travis Fulgham, Philadelphia, mwaka 2020. Huyu ananiuma zaidi, nitarudi kwake. Alikuwa keshaachwa na timu mbili kabla ya Eagles kumchukua. Kuanzia wiki ya 4 hadi ya 8 alipata yadi 435, na katika kipindi hicho hakuna mpokeaji mwingine NFL aliyempita. Mechi dhidi ya Pittsburgh peke yake alidaka pasi 10 kwa yadi 152. Halafu wazee wa timu wakaanza kurudi kutoka majeruhi, Alshon Jeffery akiwa mmojawapo, na Fulgham akapotea kama moshi. Msimu mzima alimaliza na yadi 539. Toa 435 uone zilibaki ngapi.

Tofauti ya Nacua na hawa ni nini? Nimekaa na hili swali miaka, na jibu langu lina maswali matatu. Yaandike kwenye daftari:

1. Katupiwa pasi ngapi? Usiangalie alizodaka wala pointi. Pasi alizotupiwa ndizo zinaonyesha kwotabeki anamwaminije. Tachidauni inaweza kuwa bahati ya siku. Pasi 10 kila wiki si bahati.

2. Nafasi kaipataje? Kama ni kwa sababu mkubwa kaumia, uliza mkubwa anarudi lini. Kama ni wiki mbili, huyo ni wa kukodi. Kama mkubwa kafunga msimu, huyo ni wa kuoa.

3. Mkubwa akirudi, huyu ana kazi yake mwenyewe au alikuwa anashika kazi ya mwenzie? Nacua alikuwa na yake. Fulgham alikuwa anamshikia mtu.

Orodha yangu, kuanzia wa kumkimbilia hadi wa kumkwepa

Wengi mnataka majina ya wiki. Majina yanabadilika kila Jumanne, na leo usiku ripoti ya majeruhi inaweza kufuta nilichoandika asubuhi. Kwa hiyo nawapangia aina. Ukimwona mtu kwenye orodha ya walioachwa, muweke kwenye aina yake, utajua cha kufanya.

*Nafasi ya 1: Mrithi wa kudumu.* Mkubwa kafunga msimu, na huyu anatupiwa pasi 7 au zaidi. Mfano ni Jauan Jennings wa San Francisco mwaka 2024. Raundi ya 7 huyo, drafti ya 2020, alikuwa anajulikana kwa kuzuia mabeki kuliko kudaka. Wiki ya 3, wakubwa kadhaa wakiwa nje, alidaka pasi 11 kwa yadi 175 na tachidauni 3 dhidi ya Rams. Mimi wiki ile nilisema huyu Ogletree mwingine. Lakini Oktoba Brandon Aiyuk akaumia goti, msimu wake ukaisha, na nafasi ikawa ya Jennings kweli. Alimaliza na pasi 77 na yadi 975. Mtazamo: mwokote mara moja, hata ukilazimika kumwacha staa mgonjwa wa benchi lako. Mwingine wa aina hii ni Victor Cruz wa Giants mwaka 2011. Hakuchukuliwa kabisa kwenye drafti ya 2010. Wenzake wakaumia, akaingia, akamaliza na yadi 1,536 na pete ya ubingwa.

*Nafasi ya 2: Kijana anayepanda.* Huyu hajarithi kwa mtu, timu inamzoea polepole. Amon-Ra St. Brown wa Detroit mwaka 2021, raundi ya 4. Mechi 11 za mwanzo hakufunga hata tachidauni moja, watu wakamtupa. Mechi 6 za mwisho akadaka pasi 51 na kufunga tachidauni 5. Dalili ilikuwepo kabla: muda wake uwanjani ulikuwa unapanda na pasi fupi fupi za katikati zilianza kumfuata. Mtazamo: mwokote mapema umweke benchi. Ukisubiri awike, mwenzio kashamchukua. Usidharau wembamba wa reli, treni inapita.

*Nafasi ya 3: Mtu wa katikati asiye na mbwembwe.* Kila wiki pasi 5, yadi 45, hakuna anayemtaja. Pointi 9 au 10. Kwenye ligi inayotoa pointi kwa kila pasi, huyu anakuokoa ile wiki mastaa wako wanapumzika kwa ratiba. Mtazamo: mpange usipokuwa na mwingine, wala usione aibu. Mchagua jembe si mkulima.

*Nafasi ya 4: Mkimbiaji wa mbali.* Mbio nyingi, pasi chache, lakini moja ikifika ni yadi 60. Marquez Valdes-Scantling wa Green Bay mwaka 2020 aliongoza ligi kwa wastani wa yadi 20.9 kwa kila pasi aliyodaka. Tamu kusikia. Lakini msimu mzima alidaka pasi 33, mechi 16, yaani mbili kwa mechi. Mtazamo: ukiwa umezidiwa sana na mpinzani, unahitaji muujiza, mpange. Ukiwa unaongoza, mwache benchi, atakuletea pointi 1.

*Nafasi ya 5: Mfungaji bila pasi.* Huyu ndiye anayewapoteza wengi. Tachidauni tatu kwenye wiki mbili, lakini ukiangalia katupiwa pasi 4 kwa mechi. James Jones wa Green Bay mwaka 2012 aliongoza NFL kwa tachidauni, 14. Watu wakamgombania mwaka uliofuata. 2013 alidaka karibu idadi ile ile ya pasi, 59 badala ya 64, na yadi zikaongezeka kidogo, lakini tachidauni zikawa 3. Mtu ni yule yule, kazi ni ile ile, bahati ndiyo ilihama. Mtazamo: ukiwa naye, muuze wiki hii hii kabla wenzio hawajashtuka.

*Nafasi ya 6: Shujaa wa wiki moja.* Ogletree. Mtazamo: mwachie mwenzio, kisha mpongeze.

Saa za kafe ni silaha

Jambo hili wachambuzi wa Marekani hawatakuandikia, maana wao wanaangalia mechi sebuleni kwao.

Mechi za kwanza za Jumapili zinaanza saa 2 usiku kwa saa za huku. Marekani wakirudisha saa nyuma mwezi Novemba, zinaanza saa 3. Timu hutoa majina ya wasiocheza dakika 90 kabla. Kwa hiyo saa 12:30 jioni, au saa 1:30 usiku kuanzia Novemba, lazima uwe umekaa kwenye kiti. Watu wanafika kafe saa 2:10 wanakuta mpokeaji wao hachezi na ameshafungwa kwenye kikosi. Wiki imekwisha.

Mechi za pili ni mbaya zaidi. Zile za saa 5:25 usiku, majina yanatoka saa 3:55. Kafe yetu inafungwa saa 4. Una dakika tano, na mama mwenye kafe kashaanza kuzima feni. Kuanzia Novemba majina yanatoka saa 4:55, hapo ushafika nyumbani. Na ile mechi ya usiku wa manane inaanza saa 9:20 usiku, hata usiniulize.

Kwa hiyo sheria yangu kwa wenzangu wasio na bando la kukesha: mpokeaji mwenye shaka ya jeraha anayecheza mechi za pili usimpange, hata kama ni bora. Mpange mzima wa mechi za kwanza mwenye pointi mbili pungufu. Msimu uliopita sheria hii peke yake ilinipa ushindi mara mbili, nikimfunga binamu mara moja. Yeye alikuwa amelala na homa.

Na hao wenyewe ni watu gani?

Nilisema nitarudi kwa Fulgham.

Ukikaa na namba muda mrefu unasahau kwamba kila mstari ni mtu. Timu ya NFL ina wachezaji 53 kwenye kikosi kikuu na wengine 16 au zaidi kwenye kikosi cha mazoezi. Yule wa kikosi cha mazoezi mwaka 2025, kama ni mgeni kwenye ligi, alilipwa dola 13,000 kwa wiki. Aliyeko kikosi kikuu kwa mshahara wa chini kabisa alipata dola 840,000 kwa msimu, ambayo ukigawa kwa wiki 18 ni kama dola 46,000 na ushee kwa wiki. Kwetu zote ni pesa za ndotoni, najua. Lakini angalia pengo: wanafanya mazoezi pamoja, wanakula meza moja, mmoja analipwa zaidi ya mara tatu ya mwenzie. Na wa kikosi cha mazoezi mkataba wake ni wa wiki kwa wiki. Jumanne anaweza kuitwa ofisini akaambiwa asante, acha kitabu cha mbinu hapo mezani.

Huyo ni kibarua. Kibarua wa dola, lakini kibarua. Anasubiri mwenzie aumie ili apate namba, na akiipata anajua mwenye namba anarudi. Mimi nimeshafanya kazi za kumshikia mtu. Miezi miwili kwenye ofisi moja, mwenye kiti kaenda uzazi, nikachapa barua zote, hakuna kosa hata moja, bosi ananisifia mbele za watu. Mwenye kiti akarudi. Nikapewa nauli na shukrani. Kwa hiyo nikiona wiki zile tano za Fulgham, sioni mtu aliyeishiwa uwezo. Naona mtu aliyekuwa anamshikia mtu.

Hata kwetu Afrika Mashariki tuna wa kumkumbuka. Daniel Adongo wa Kenya, mcheza raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Hakuwa mpokeaji, alicheza ulinzi. Alicheza mechi chache, akaumia, akaachwa. Aliingia kwa mlango ule ule wa kibarua.

Na watu wanawatukana wachezaji hawa kwa sababu ya pointi. Mwaka 2013 Brandon Jacobs wa Giants alitumiwa vitisho vya kuuawa mtandaoni na mtu aliyemtaka afikishe yadi kwa ajili ya fantasi yake. Wadau, tachidauni ya fantasi! Tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipofungua mlango wa kubeti michezo kwenye majimbo Mei 2018, fantasi na kubeti zimesogeleana mpaka mtu anashindwa kujua mpaka uko wapi.

Hapa ndipo habari yenyewe ilipo

Msimu uliopita niliandika orodha kama hii, na safari hiyo nikataja jina. Mpokeaji mmoja, simtaji tena, nilimsifia mno. Nikaandika "wiki hii lazima". Nilikuwa nazungumzia fantasi, elfu kumi tuliyokwishaweka mwanzo wa msimu na haiongezeki.

Kuna dogo hapa kafe, anakaa kompyuta ya pembeni dirishani, anajiandaa kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alinisoma. Akachukua nusu ya ada ya mtihani aliyopewa na mama yake, akaibeti kwamba jamaa atapita yadi 45. Mpokeaji wangu wa "lazima" alidaka pasi moja. Yadi 6.

Sikujua mpaka Jumatano. Aliniambia taratibu, bila hasira, na hicho ndicho kilichoniuma. Alisema: "Kaka, wewe si uliandika lazima?"

Nilikwenda kuisoma tena makala yangu. Mtu yule alikuwa Nafasi ya 5, mfungaji bila pasi. Maswali yangu matatu yalikuwa yanamkataa yote. Nilimsifia kwa sababu alikuwa amenipa pointi wiki iliyotangulia, na kwa sababu "lazima" inasomwa kuliko "labda". Basi.

Tulichanga kijiweni. Mimi nikatoa niliyonayo, wana wakaongezea, binamu wa Columbus akatuma bila kuulizwa, na safari hiyo hakucheka. Dogo kajisajili, ila bado kuna deni dogo kwa mama mwenye kafe ambaye alimalizia. Nalipa mimi, kila Ijumaa.

Kwa hiyo toka leo, wadau, kwenye blogu hii:

Sitaandika "lazima". Mpokeaji wa daraja la chini hana lazima. Hata Nacua ile wiki ya kwanza hakuwa lazima.

Sitataja mtu bila kutaja pasi alizotupiwa. Ukiona nimemsifia mtu bila namba hiyo, nikatae.

Na ninachoandika ni cha pointi. Mtu akikuambia yadi za mchezaji wa akiba zinaweza kulipa ada, muulize swali la pili kwenye daftari: nafasi kaipataje, na mwenyewe anarudi lini?

Orodha ndiyo hiyo. Jumapili saa 12:30 jioni nitakuwa kwenye kiti changu, cha tatu kutoka mlangoni, kile chenye kibodi isiyo na herufi L. Mwenye mpokeaji anayemtilia shaka aje na namba zake tupige hesabu pamoja. Mwenye swali aache hapo chini, nitajibu Jumatatu kafe ikifunguliwa.

Na wewe binamu, najua unasoma. Nacua simsahau.

Nawasilisha.